Jifunze Kuhudumia Mvinyo kwa Kutazama Filamu: Mwongozo kwa Weita wa Malindi

Mvua za Aprili zikianza, hoteli nyingi za Malindi hukunja miavuli ya ufuoni, hufunga jikoni, na weita huambiwa aende nyumbani asubiri simu. Simu hiyo huja karibu na Julai, kabla Wataliano wa likizo ya Agosti hawajatua. Miezi hiyo ya katikati ndiyo darasa. Mwongozo huu ni wa yule anayebeba sinia bila wasiwasi, mwenye Kitaliano cha kutosha kuanzia "buonasera" mpaka "il conto", lakini mgeni akifungua ukurasa wa mvinyo kwenye menyu, jasho linaanza kumtoka.

Shida yenyewe tunaijua. Chupa moja ya Barolo, mvinyo mwekundu wa Italia, inaweza kumeza mshahara wa wiki kadhaa, na hakuna bosi atakayeifungua ili weita aelimike. Tena wengi wetu hatunywi kabisa, wengine kwa dini, wengine kwa hiari. Lakini weita haajiriwi kunywa. Sehemu kubwa ya kazi yake huonekana kwa macho na kusikika kwa masikio: chupa huonyeshwa nani, nani humiminiwa kwanza, jina hutamkwa vipi, mgeni anayejigamba anataka kujibiwa nini. Hayo yote yamo kwenye filamu. Kinachokosekana ni ladha peke yake, na hiyo nitaitafutia njia ya mkato hapa chini.

Hatua ya kwanza: vifaa, na namna ya kutazama

Unahitaji simu au laptopu, daftari, glasi mbili zenye shina refu, na kizibuo cha weita, kile cha kukunja chenye kisu kidogo upande mmoja. Omba mahali chupa tupu ya mvinyo pamoja na kizibo chake. Mikahawa ya Lamu Road na Casuarina huzitupa kila usiku wakati wa msimu, kwa hiyo jiwekee akiba mapema. Pakua filamu pale penye waifai ya bure, usimalize bando lako.

Washa maandishi ya chini hata kama Kiingereza chako ni kizuri. Majina ya mvinyo yanakuwa yameandikwa, nawe unayasikia yakitamkwa papo hapo. Likipita jina, simamisha, liandike, rudisha nyuma, lirudie kwa sauti. Chianti ni "Kianti". Pinot Grigio ni "Pino Grijo". Weita anayesema "Chianti" kama anavyosema "chini" amekwisha kujitangaza kabla hajafika mezani.

Kila filamu itazame mara mbili. Ya kwanza kwa raha zako. Ya pili ruka moja kwa moja hadi kwenye tukio la mvinyo, utazame mikono ya watu, si nyuso zao.

Hatua ya pili: anza na weita bandia

Darasa la kwanza ni Diamonds Are Forever, ya James Bond, mwaka 1971. Nenda moja kwa moja hadi mwishoni, wakiwa kwenye meli. Wauaji wawili, Wint na Kidd, wamevaa kama weita na wameleta chakula cha fahari pamoja na chupa ya Mouton Rothschild ya 1955. Bond anaonja, anausifu mvinyo, kisha anasema kwa mlo kama huo alitegemea kupata "claret". Wint anaomba radhi, anajibu kuwa stoo ya meli haina claret nyingi. Hapo hapo amekwisha, kwa sababu claret ni jina ambalo Waingereza wanaupa mvinyo mwekundu wa Bordeaux, na Mouton Rothschild unatoka Bordeaux.

Hilo ndilo somo ambalo kila mtu hulitaja. Lakini rudisha nyuma uangalie jingine: Bond alikwisha kumshuku mtu huyu kwa sababu ya manukato yake, ambayo aliwahi kuyanusa mahali pengine. Sisi watu wa pwani tunapenda kunukia, na hakuna ubaya. Ila ukienda mezani na udi shingoni au marashi makali kwenye mkono unaoinamisha chupa, mgeni atainusa glasi yake na kukusikia wewe badala ya mvinyo. Siku ya kuhudumia mvinyo oga, vaa shati safi, basi. Marashi ni ya Ijumaa.

Zoezi: chukua menyu ya mvinyo ya hoteli yako (ipige picha kabla hawajafunga) na mbele ya kila jina andika mambo matatu tu: nchi, eneo, zabibu. Chianti: Italia, Toscana, Sangiovese. Barolo: Italia, Piemonte, Nebbiolo. Prosecco: Italia, kaskazini mashariki, Glera. Weita anayeyajua hayo matatu kwa kila chupa ya menyu yake hatanaswa mtego wa Wint.

Kuna tukio jingine la Bond, katika From Russia with Love ya 1963, ndani ya behewa la chakula la Orient Express. Adui anaagiza samaki pamoja na Chianti mwekundu, na baadaye Bond anajilaumu kwamba lile agizo lingetosha kumtambulisha mtu yule. Litazame, ucheke, kisha usilifuate. Kwa changu wa kuchoma na ndimu, ni kweli mvinyo mweupe unakaa vizuri zaidi, kwa sababu ukali wa mvinyo mwekundu wenye tanini nyingi (ule ukavu unaokaza ulimi) ukikutana na samaki unaweza kuacha ladha ya chuma mdomoni. Lakini jodari aliyechomwa kwa moto mkali anaumudu mwekundu mwepesi, hasa ukiwa umepoa. Na kikubwa zaidi, mgeni akishaamua anachotaka, uso wako usionyeshe chochote. Bond alikuwa mpelelezi. Wewe hupelelezi mtu.

Hatua ya tatu: Sideways, na hapa tutakaa kidogo

Sideways ya Alexander Payne, mwaka 2004, ni moja ya filamu za mvinyo zilizozungumziwa sana, na kuna wageni watakaokutajia. Ni habari ya marafiki wawili, Miles na Jack, wanaozunguka mashamba ya zabibu ya Santa Barbara, California, wiki moja kabla Jack hajaoa. Onyo: ina mambo ya watu wazima, mengine ya kuaibisha kabisa. Usiiwashe sebuleni mama mkwe akiwepo.

Tukio la kwanza la kusoma ni pale Miles anapomfundisha mwenzake kuonja. Anainamisha glasi dhidi ya mwanga aone rangi. Anatia pua ndani, anavuta pumzi. Anaizungusha glasi hewa iingie, ananusa tena. Mwisho ndiyo anaonja. Wakati wote huo Jack anatafuna chingamu, na Miles akigundua anakasirika, kwa haki. Hatua hizo ndizo mgeni wako atakazofanya unapommiminia kidogo kwanza, na ukizijua hutasimama pale ukiduwaa. Utajua kwamba akinyanyua glasi kwenye taa hatafuti nzi.

Fanya mazoezi nyumbani kwa sharubati ya Vimto iliyochanganywa na maji. Rangi inafaa. Weka glasi juu ya meza, shika shina kwa vidole vitatu, chora duara ndogo juu ya meza. Ukishaweza bila kumwaga, inyanyue.

Sasa hiyo njia ya mkato niliyoahidi. Miles anataja harufu: stroberi, asparagasi, jibini. Nusu ya hizo hatujazinusa maishani. Haidhuru, nenda sokoni. Nunua karafuu, mdalasini, pilipili manga, iliki, ndimu, pera lililoiva, pasheni na ukwaju. Kila kimoja kitie kwenye kikombe, funga macho, mwenzako akusogezee puani mpaka uvitambue vyote bila kukosea. Huu si mchezo wa kujifurahisha. Harufu ya karafuu unayoikuta kwenye mvinyo uliolala ndani ya pipa la mwaloni inatokana na eugenol, kemikali ile ile inayoipa karafuu harufu yake. Pilipili manga kwenye Syrah, mvinyo mwekundu, inatokana na rotundone, nayo ni ile ile iliyomo kwenye pilipili manga ya pilau. Sauvignon Blanc nyingi hunukia pera na pasheni. Gewürztraminer hunukia waridi. Mtoto wa pwani aliyekulia karibu na jiko la bibi ana pua yenye msamiati mkubwa kuliko wageni wengi, ila hakuna aliyemwambia kwamba hiyo ni elimu. Mgeni akikuuliza Syrah hii ikoje, ukajibu "ina pilipili manga, na karafuu kwa mbali", umesema jambo la kweli bila kuweka tone mdomoni.

Tukio la pili ni mazungumzo ya usiku barazani kati ya Miles na Maya. Miles anaeleza kwa nini anaipenda Pinot Noir, zabibu ya mvinyo mwekundu: ngozi nyembamba, inaiva mapema, inahitaji kubembelezwa. Msikilizaji mwenye akili anafahamu kwamba mtu huyu anajisema mwenyewe. Kwa weita, hii ni habari ya maana kuliko zabibu: mgeni akianza kukueleza mvinyo aupendao, mara nyingi anakueleza yeye ni nani. Msikilize, usimkatize kwa kumsahihisha.

Tukio la tatu ni la kejeli. Miles hataki kusikia Merlot, zabibu nyingine ya mvinyo mwekundu, anaikataa kwa matusi. Filamu ilipovuma, mauzo ya Pinot Noir yalipanda Marekani, na Merlot ikapata jina baya. Lakini chupa aliyoihifadhi Miles kama roho yake ni Cheval Blanc ya 1961, kutoka Saint-Émilion, nayo hutengenezwa kwa Cabernet Franc na Merlot. Mwishowe anainywa peke yake kwenye mkahawa wa baga, kwa kikombe cha kutupa. Mmarekani akifika mezani kwako akasema kwa kicheko kwamba hanywi Merlot, cheka naye. Anakutania kwa filamu hiyo. Halafu mpe kingine.

Hatua ya nne: kuongea ili mgeni aelewe

Uncorked ya 2020 iko Netflix. Elijah ni kijana wa Memphis. Baba yake ana mkahawa wa nyama choma na anataka mwanawe aurithi, naye kijana anataka kuwa bingwa wa mvinyo. Wengi wetu tunalijua hilo vuta nikuvute la nyumbani, mzee akishasema neno. Mapema kwenye filamu, Elijah yuko kazini kwenye duka la mvinyo, anakuja mteja asiyejua lolote. Elijah hamsomei majina ya vijiji vya Ufaransa. Anamwambia Chardonnay ni kama Jay-Z, inaelewana na kila kitu. Pinot Grigio, yenye ukali kidogo, ni Kanye West. Riesling ni Drake. Mteja anatabasamu, anachagua.

Jitengenezee zako, kwa wageni wako. Watu wa bara wanaoteremka Malindi Desemba wengi wanataka kitu kitamu na hawataki kuonekana washamba. Kwa hao mimi husema Prosecco ni chakacha, unainuka hata hukutaka, na Barolo ni taarabu ya zamani, asiyetulia hataielewa. Kwa Mtaliano usithubutu. Yeye mwache akufundishe, atafurahi, na tipu itakuwa nzuri zaidi.

Hatua ya tano: mlo mzima, mwanzo hadi mwisho

Hapa nakuomba uvumilivu, kwa sababu Babette's Feast ni filamu ya taratibu sana. Ni ya Denmark, ya mwaka 1987, ikiongozwa na Gabriel Axel, na ilishinda Oscar ya filamu ya lugha ya kigeni. Hadithi yenyewe ni ya Karen Blixen, yule yule aliyeishi na shamba lake la kahawa kule Karen, Nairobi. Mpishi mkimbizi kutoka Paris anawapikia wazee wacha Mungu wa kijiji cha baridi. Wazee hao wameapiana kutosema neno lolote kuhusu chakula, wakiogopa anasa. Anayekijua chakula hicho ni mgeni mmoja tu, jenerali.

Chora safu mbili kwenye daftari, chakula upande huu na kinywaji upande ule, uandike kila kinapotoka. Supu ya kobe pamoja na Amontillado, aina ya sheri ya Uhispania. Blini zenye kaviari pamoja na shampeni ya Veuve Clicquot, 1860. Kware ndani ya keki pamoja na Clos de Vougeot, 1845. Mwisho kahawa na konyaki. Ona mpangilio: kutoka mwepesi hadi mzito, weupe wenye mapovu kabla ya mwekundu, kikali cha kufungia. Ukiuelewa mpangilio huo unaweza kupanga meza yoyote, iwe ya kamba na pweza au ya mbuzi.

Mwangalie pia kijana anayehudumia. Hajui chochote, Babette anamwelekeza kutoka jikoni, na bado anafaulu kwa sababu hana haraka na haongei. Na jenerali anapolitaja jina la mvinyo kwa mshangao, majirani zake wanamjibu habari za hali ya hewa na mahubiri. Sijaona tukio la meza linalochekesha kwa upole kuliko hilo.

Kama una watoto nyumbani, wawekee Ratatouille ya 2007. Weita mle anaitwa Mustafa, na mkosoaji wa chakula anamwagiza kitu kisichopo kwenye menyu yoyote: "mtazamo". Mustafa anababaika. Mkosoaji anaishia kutaka Cheval Blanc ya 1947, tena ile ile nyumba ya chupa ya Miles. Utampata mgeni wa namna hiyo. Jibu ni kutulia na kusema, "Nitamuuliza mpishi."

Hatua ya sita: usiige haya

Filamu zinadanganya pia. Glasi hujazwa mpaka juu. Wewe mimina theluthi moja, au nusu ikizidi. Chupa ya mililita 750 hutoa glasi tano za mililita 150, na bosi anazihesabu.

Shampeni hurushiwa kizibo angani huku povu likimwagika. Kizibo kile kinaweza kumtoboa mtu jicho. Baridisha chupa kwanza, legeza waya huku kidole gumba kikikaa juu ya kizibo, inamisha chupa kidogo kuelekea pasipo mtu, shika kizibo kisicheze na uzungushe chupa. Kitoke kwa mlio mdogo wa pumzi.

Wazungu kwenye filamu husema mvinyo mwekundu unywewe kwa joto la chumba. Chumba chao ni cha nyuzi 16 au 18. Cha Malindi mwezi Februari kinagonga 30, na mvinyo mwekundu kwa joto hilo unanuka pombe tupu. Utie kwenye ndoo ya barafu na maji kwa dakika 10 hadi 15 kabla ya kuupeleka. Mgeni akishangaa, mwambie kwa heshima kwamba joto la hapa si la kwao. Mweupe upoe hadi nyuzi 8 mpaka 12, na wa mapovu uwe baridi zaidi ya huo.

Halafu utaratibu ambao filamu nyingi hukatiza katikati. Onyesha lebo kwa aliyeagiza, taja jina na mwaka. Kata karatasi chini ya mdomo wa chupa, vuta kizibo, futa mdomo kwa kitambaa. Mmiminie kidogo aliyeagiza. Haulizwi kama anaupenda. Anaangalia kama umeharibika, na harufu ya kadibodi iliyoloa ndiyo dalili ya kizibo kibovu. Akikubali, zunguka meza, wanawake kwanza, aliyeagiza awe wa mwisho.

Hatua ya saba: chupa ya kweli na chupa ya uongo

Sour Grapes ni filamu ya habari za kweli, ya 2016, kuhusu Rudy Kurniawan, kijana aliyewauzia matajiri wa Marekani mvinyo ghali wa kughushi aliouchanganya nyumbani kwake. Alihukumiwa miaka 10 jela mwaka 2014. Kilichomponza ni kama kile cha Wint: kutojua. Alipeleka mnadani chupa za Clos Saint-Denis za Ponsot zenye miaka ya 1945 hadi 1971, na mwenye shamba, Laurent Ponsot, akapanda ndege kwenda kusema kwamba familia yake ilianza kutengeneza mvinyo huo mwaka 1982. Mgema akisifiwa tembo hulitia maji. Huyu lebo pia alichapisha mwenyewe.

Kwetu wizi ni mdogo zaidi, lakini upo: chupa ya bei inajazwa mvinyo wa boksi nyuma ya kaunta. Usishiriki. Fungua kila chupa mbele ya mgeni, mwachie kizibo mezani, na unapopokea mzigo stoo angalia stempu ya ushuru ya KRA kwenye kila chupa. Isiyo na stempu mrudishie aliyeileta.

Hatua ya nane: kwa anayetaka kwenda mbali

Tazama mbili hizi mfululizo. Somm ya 2012 inawafuata Wamarekani wanaosomea mtihani wa Master Sommelier, cheo cha juu cha mabingwa wa mvinyo: nadharia, huduma, na kutambua mivinyo 6 kwa dakika 25 bila kuona chupa. Ukiona wanavyokesha na kadi za maswali, utaacha kulalamikia menyu yako ya majina 20.

Halafu Blind Ambition ya 2021. Wazimbabwe wanne, Joseph Dhafana, Tinashe Nyamudoka, Marlvin Gwese na Pardon Taguzu, walikimbilia Afrika Kusini nchi yao ilipoanguka kiuchumi, wakaingia kazi za hoteli na mikahawa, wakawa mabingwa wa mvinyo, na mwaka 2017 wakaenda Burgundy, Ufaransa, wakiwa timu ya Zimbabwe kwenye mashindano ya dunia ya kuonja bila kuona. Hawakulelewa na mvinyo mezani. Walikuwa na harufu za kwao, kama wewe na karafuu yako. Walishika nafasi ya ngapi sikwambii.

Msimu ukikaribia, wauzaji wa mvinyo huja hotelini kuonyesha bidhaa zao. Muombe kapteni akuruhusu usimame pale. Leta daftari, nusa kila glasi, linganisha na vikombe vyako vya sokoni, uliza eneo na zabibu. Usiyekunywa, kunusa kunakutosha na hakuna atakayekulazimisha. Unayeonja, teme kwenye ndoo iliyowekwa, ndivyo wanavyofanya wenye kazi yao. Miles naye kuna ndoo kama hiyo aliyoinyanyua akiwa na hasira. Tukio lenyewe liko Sideways, kwenye shamba lenye watalii wengi. Litazame ukiwa hujala.